Conjuring ya Tatu au Exorcist ya Tatu: Ipi Ujaze Kwenye Flashi?

Zote mbili ni za tatu katika mfululizo wake. Zote zina maiti, zina padri, na zina mtu aliyefungiwa ndani ambaye mwilini mwake inasemekana yumo mwingine. Kwa hiyo ukiingia duka la muvi hapa Langoni, Lamu, ukaomba "ile ya shetani, namba tatu", muuzaji ana haki ya kukuuliza ni ipi, na wewe ni vizuri ujue unachopeleka nyumbani kabla watu hawajakaa na kahawa haijamiminwa.

Mpya ni The Conjuring: The Devil Made Me Do It ya mwaka 2021. Iliongozwa na Michael Chaves, baada ya James Wan aliyeziongoza mbili za mwanzo kubaki kwenye utayarishaji. Ya zamani ni The Exorcist III ya mwaka 1990, iliyoandikwa na kuongozwa na William Peter Blatty, ambaye ndiye mwenye kitabu kilichozaa Exorcist ya 1973. Kwa urefu hazipishani sana, dakika 112 na dakika 110, kwa hiyo saa haitakuamulia. Mimi ni mtu wa Exorcist, sifichi. Lakini kuna usiku ambao ningekushauri uiache, na nitakwambia ni upi.

Hadithi zenyewe

Conjuring inaanzia pale ambapo sinema nyingi za aina hii huishia, kwenye kupunga pepo. Mtoto wa miaka 8, David Glatzel, amelazwa mezani, viungo vinajipinda kwa namna ambayo mifupa ya mwanadamu haikuumbiwa. Ed na Lorraine Warren, mume na mke wanaochunguza mambo ya mapepo, wanaoigizwa na Patrick Wilson na Vera Farmiga, wako hapo na padri. Mambo yanawazidi. Arne Johnson, kijana anayemchumbia dada yake David, anaona mtoto anakufa mbele ya macho yake, anamkamata na kumwambia aliyemo ndani: mwache huyu, njoo kwangu. Akajibiwa. Siku si nyingi baadaye Arne anamchoma kisu mwenye nyumba wake mara 22, kisha anaonekana akitembea barabarani na damu mwilini, hajui alipotoka. Kutoka hapo sinema inageuka uchunguzi. Akina Warren wanatafuta ushahidi kwamba kijana hakuwa yeye, kwa sababu mbele yake kuna hukumu ya kifo.

Exorcist nayo inaanza na maiti. Luteni Kinderman, askari mpelelezi wa Georgetown jijini Washington, anakuta mauaji yanayofanana kwa kila hali na ya muuaji mmoja aliyejulikana kwa jina la Gemini. Kidole kilekile kinakatwa, alama ileile inachorwa, na mambo ambayo polisi hawakuyatangaza kamwe yanarudiwa. Tatizo ni kwamba Gemini aliuawa na serikali miaka 15 iliyopita, kwa kiti cha umeme. Jingine ni kwamba alama za vidole kila mahali ni za mtu tofauti. Njia zote zinamfikisha kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, kwa mtu asiye na jina aliyefungwa mikono, mwenye sura ya padri Karras wa Exorcist ya 1973, rafiki yake wa zamani aliyezikwa miaka hiyohiyo 15.

Hapo ndipo pa kujua unataka nini. Conjuring inakuonyesha aliyeua, inakwambia kwa nini, halafu inatafuta wa kulaumiwa badala yake. Exorcist inakuficha mpaka hujui tena hata anayezungumza mbele yako ni nani.

Ipi inatisha?

Inategemea hofu yako inaingilia wapi.

Conjuring inatisha kwa macho. Kuna godoro la maji, fasheni ya Marekani ya miaka hiyo, ambalo David analikuta katika nyumba waliyohamia. Analilalia, anacheza, linambebabeba kama mtoto yeyote angelipenda. Kisha doa linatokea sakafuni. Anachungulia. Kilichomo ndani ya godoro si maji peke yake. Tukio hili limetengenezwa vizuri kwelikweli, na ukimuonyesha mtoto wa kaka yako hatalala chumba kimoja na ndoo. Kuna pia chumba cha kuhifadhia maiti ambako mmoja wa waliohifadhiwa hakubali kulala. Kila baada ya dakika kadhaa mtu atapiga kelele, mwingine atamcheka, na baraza litachangamka.

Exorcist inatisha kwa kusubirisha. Nikueleze tukio moja tu, maana bila hilo huwezi kuielewa. Ni usiku hospitalini. Kamera imewekwa mwisho wa ukumbi mrefu na haisogei. Muuguzi yuko mbali, mdogo kama kidole, anaandika mezani. Askari anazungukazunguka, anaondoka. Muuguzi anasikia kitu, anaingia chumba kimoja. Ni barafu inayopasuka kwenye glasi, na mgonjwa anayekurupuka kwa hasira. Unashtuka, unapumua, unadhani imekwisha. Anarudi mezani. Kamera bado haijasogea, na wewe umeanza kuchoka. Anakwenda chumba kingine, anatoka, anafunga mlango, anageuka kuondoka. Sekunde inayofuata sitaisimulia. Nitasema tu kwamba kuna shuka jeupe, kuna mkasi mkubwa wa hospitali, na kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza kamera inasogea.

Sasa fikiria tukio hilo kwa mazingira yetu. Linataka ukimya. Ukiwa na jenereta inayonguruma uani, feni inayolia, na watoto wanaopita na bisikoti mbele ya projekta, litapita bila mtu kugutuka, kisha wataanza kuuliza mbona muvi yako imelala. Punda akilia kwenye kichochoro wakati muuguzi yuko chumba cha pili, tukio limekwenda na maji. Conjuring inastahimili punda. Inastahimili hata umeme ukikatika na kurudi, kwa sababu ukirudi utakuta mtu anakimbizwa na utaelewa tu.

Ukiwa na bahati ya nyumba ya mawe kule Mkomani, kuta zake nene na chumba cha ndani kisicho na dirisha la njiani, basi Exorcist imepata kwao. Kaeni watatu, wanne, si zaidi.

Lugha

Jambo hili watu hulisahau kisha wakalaumu muvi. Vijana wetu wengi wamezoea muvi za kigeni zikiwa na dijei anayezisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti. Conjuring inafaa sana kwa mtindo huo. Mazungumzo yake ni mafupi, na dijei mcheshi ataiongezea ladha. Exorcist ukiipitisha huko umeiua. Nusu ya sinema ni watu wawili wanaozungumza chumbani, mmoja amefungwa na mwingine amekaa kwenye kiti. Brad Dourif, ambaye sauti yake mliisikia kwa yule mwanasesere Chucky, anazungumza dakika nzima nzima, mara kwa upole, mara kwa kunguruma, mara kwa majivuno ya msanii anayesifu kazi yake. Anasimulia alivyoua, na huonyeshwi kitu. Unayaona mwenyewe kichwani. Sauti ile ndiyo sinema. Tafuta nakala yenye maandishi ya chini na uiache sauti yake.

Halafu kuna vichekesho, ambavyo hutarajii katika sinema ya namna hii. Kinderman anamwambia rafiki yake Padri Dyer kwamba hataki kurudi nyumbani kwa sababu mama mkwe ameleta samaki mzima, amemuweka kwenye beseni la kuogea akiogelea mpaka siku ya kupikwa, na yeye ana siku tatu hajaoga kwa kumchukia samaki huyo. Nilicheka mara mbili: kwanza kwa namna George C. Scott, anayemwigiza Kinderman, anavyolisema, pili kwa kuwa mtu aliyekulia nyumba ya zamani ya Lamu, yenye birika la chooni na visamaki vyake vya kula viluwiluwi vya mbu, atashangaa mzungu huyu analalamikia nini hasa. Lakini sikiliza utani wao vizuri. Wazee hawa wawili wanapendana, kila mmoja anajitia kumliwaza mwenzake. Ndiyo maana, baadaye Dyer anapokutwa kitandani hospitalini, damu yake yote imetolewa na kupangwa kwenye vikopo bila tone kumwagika, unaumia. Hakuna anayeumia hivyo kwa mwenye nyumba wa Conjuring. Tunamjua kwa muda wa wimbo mmoja tu, kisha anakufa.

Kisa cha kweli, na alivyolipa aliyeua

Conjuring inajinadi kwamba ni kisa cha kweli, na hii ni sababu kubwa ya watu kuichagua. Basi ujue ukweli wenyewe.

Tarehe 16 Februari 1981, katika mji wa Brookfield, jimbo la Connecticut, Arne Cheyenne Johnson, kijana wa miaka 19, alimuua kwa kisu Alan Bono, miaka 40, aliyekuwa mwenye nyumba wao na mwajiri wa mchumba wake. Walikuwa wametoka kula na kunywa, kukazuka ugomvi. Wakili wake, Martin Minnella, alitaka kuiambia mahakama kwamba mteja wake alikuwa amepagawa na shetani. Jaji Robert Callahan alikataa utetezi huo usiingie kabisa, kwa kuwa hauna namna ya kuthibitishwa. Novemba mwaka huohuo Arne alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akapewa kifungo cha miaka 10 hadi 20, akakaa kama mitano.

Sinema imebadili jina la marehemu na kuchezea tarehe. Upungaji wa mwanzo umewekwa Julai 1981, wakati Bono wa kweli alikuwa kaburini miezi mitano. Ugomvi na ulevi vimefifishwa. Na yule mwanamke mchawi ambaye nusu ya pili ya sinema inamkimbiza, aliyeficha kitu chini ya nyumba ili kuwatupia laana, ni wa kubuni kabisa.

Hapa ndipo ninapogombana nayo. Mtu wa pwani ataitambua hadithi hiyo mara moja: kuna kitu kimezikwa, kuna aliyekizika, mkimpata na kukivunja mambo yatatulia. Inaburudisha, na ninaamini ndiyo sababu Conjuring inapendwa zaidi huku kuliko Exorcist. Lakini katika kaunti ya Kilifi, ambako ndiko Malindi iliko, wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi na watu wa damu yao. Sinema yenye maiti ya mtu aliyechomwa kisu, inayomalizikia kwa kumtafuta bibi anayeishi peke yake na vitu vyake vya ajabu, huku aliyeshika kisu akisafika mbele yetu, siwezi kuitazama kwa raha. Mwingine ataniambia ni muvi tu. Sawa.

Ukiichagua, angalau ifuatishe na The Devil on Trial, filamu ya kumbukumbu ya Netflix ya mwaka 2023. Humo David na Arne wenyewe wanazungumza, na mmoja wa ndugu anapinga hadithi nzima ya pepo. Ina dakika themanini na kitu, na kwa maoni yangu inasumbua akili kuliko sinema yenyewe.

Exorcist haidai ukweli wowote. Gemini ni wa kubuni, ingawa Blatty alimchora kwa kumtazama muuaji wa kweli wa California aliyejiita Zodiac, ambaye hakukamatwa. Na humo hakuna wa kusafishwa kirahisi. Mikono iliyotumika kuua ni ya vizee wa wodini waliopoteza kumbukumbu, watu ambao asubuhi hawajui hata walikula nini. Mwili uliofungwa ni wa padri aliyejitoa mhanga. Kinderman anajua mwenye kosa hayupo katika orodha yake ya washukiwa, na bado lazima afanye kazi ya askari.

Kwa macho ya watu wa huku

Aliyewahi kuona ngoma ya pepo anajua kwamba kwetu pepo akipanda hakimbiliwi kufukuzwa. Kwanza hukaliwa. Anaulizwa jina, anaulizwa katoka wapi, anaulizwa anataka nini, naye ataomba chake: halua, marashi, ubani, nguo ya rangi fulani, mbuzi. Kuna mazungumzo na kuna bei. Mashehe wengi hawaitaki ngoma hiyo na watakwambia mgonjwa asomewe Kurani basi, lakini hata katika kusomewa aliyemo hutakiwa ajitaje.

Ukiitazama kwa jicho hilo, Conjuring haina pepo wa kukaa naye. Wake hazungumzi neno la maana, ni mtumwa wa aliyemtuma, ni kisu tu. Exorcist, kwa upande wake, ni kikao kirefu cha kumhoji aliyepanda. Anajitaja. Ana madai. Anachotaka ni kutangazwa magazetini, apewe sifa yake. Tofauti ni kwamba anayemhoji si mganga wala shehe, ni askari mzee asiyeamini sana chochote, na hana cha kumpa. Mama aliyezoea mambo haya ataielewa sinema ya mwaka 1990 upesi kuliko mwanawe anayejua kila muvi mpya.

Kasoro ya Exorcist, ili nisionekane mchumba wake

Mwisho wake umeharibika. Blatty alimaliza sinema isiyo na upungaji wowote. Wenye studio wakashtuka: itaitwaje Exorcist bila mpungaji? Wakaamuru zipigwe picha za ziada, ndipo akaingizwa Padri Morning, anayeigizwa na Nicol Williamson. Inaonekana. Padri huyu anaingia kama mgeni aliyekosea harusi, hajatambulishwa kwa yeyote, kisha ghafla kuna moto, nyoka na radi katika sinema iliyokuwa imetutisha kwa barafu ya glasi. Conjuring angalau mwisho wake unafanana na mwanzo wake.

Kuna na ndoto moja ya ajabu, Kinderman akiwa mahali kama stesheni ya treni ya wafu, ambapo malaika wa mauti ni Patrick Ewing, mchezaji wa mpira wa kikapu. Ukimtambua utacheka pasipotakiwa.

Mtu akikuletea Amityville II

Watu wa muvi huiingiza hii pia kwenye fungu hilohilo. Amityville II: The Possession ya mwaka 1982, ya Mtaliano Damiano Damiani, inatokana na mauaji ya kweli ya Novemba 1974, Ronald DeFeo alipoua watu sita wa familia yake huko Long Island, New York. Ni chafu, ina nguvu, na ina jambo kati ya kaka na dada ambalo hutaki likutokee kwenye skrini umekaa na mama yako. Itazame peke yako au usiitazame.

Basi, ipi?

Mko wengi, kuna vijana, spika ni kubwa na umeme hauaminiki: Conjuring. Mnatazama watu wazima wachache, mna nyumba tulivu na mnapenda mazungumzo: Exorcist, na msiwe na haraka katika nusu saa ya kwanza. Kama kuna mgonjwa nyumbani au mtu aliyetoka kulazwa, usiweke Exorcist. Ule ukumbi wa hospitali utamfuata. Huo ndio usiku niliousema. Watoto wasiwepo kwa yoyote kati ya hizi. Marekani zote zilipewa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi, na sioni kwa nini sisi tulegeze.

Si lazima uwe umeona za nyuma. Kwa Conjuring utakosa tu mapenzi ya Ed na Lorraine yalivyojengwa. Kwa Exorcist inatosha kuona ya 1973. Ya pili, ya 1977, hata Blatty mwenyewe ameipita kama haipo.

Na ukimwambia muuzaji akujazie Exorcist III, angalia ni nakala gani. Kuna toleo lililotoka 2016 linalojaribu kurudisha sinema ya awali isiyo na Padri Morning. Wazo ni zuri, ila picha halisi zilikuwa zimepotea, wakajazia kwa kanda za VHS, hivyo tukio moja linang'aa na linalofuata lina ukungu. Anza na ile ya 1990. Ya 2016 utaitafuta mwenyewe wiki ijayo, ukitaka kumsikia Dourif tena.